Kiti cha Baba: Tukitupe, Tukifungie au Tukitengeneze?

Kila ifikapo Desemba, wana wa Kilimanjaro waliotawanyika katika nchi hurudi nyumbani kula Krismasi pamoja na wazazi wao. Magari hutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha. Mengine hupanda Masama na Machame, mengine Kibosho, Kilema, Marangu na Rombo. Huja na mchele, sukari na nguo, na mara nyingi nyuma yake hufuata gari la mizigo lenye makochi mapya kwa ajili ya sebule ya mama. Ni jambo jema. Mtoto anayeikumbuka sebule ya wazazi wake hastahili lawama.

Lakini makochi mapya yaingiapo kwa mlango wa mbele, kuna kitu kitokacho kwa mlango wa nyuma. Kiti cha mringaringa alichokikalia baba miaka 40 hupelekwa jikoni. Kutoka jikoni huenda kwenye banda la mbuzi. Kutoka bandani huishia mekoni. Meza iliyoliwa chakula cha ubatizo wa watoto wote hugeuka kuwa ya kukatia majani ya ng'ombe. Na kwa kuwa hayo hufanyika kimya kimya, katikati ya furaha ya sikukuu, hakuna aulizaye kama yalikuwa halali.

Tunapenda kuuliza swali hilo leo. Tunawiwa nini na waliotutangulia, kwa habari ya vitu walivyotuachia? Je, ni wajibu wetu kuvihifadhi jinsi vilivyo, au tuna ruhusa kuvikwangua, kuvipaka upya na kuvigeuza vitufae? Na mtu akibadilisha mguu, mgongo na rangi ya kiti cha baba yake, je, bado kiti kile ni cha baba?

Wengine watacheka, wakisema ya kwamba mbao ni mbao tu. Sisi hatukubali. Mtu huacha alama yake katika vitu alivyovitumia. Mkono wa kiti uliolainika kwa kushikwa, ukingo wa meza uliochongoka kwa kisu cha mtoto mtundu, vitasa vya kabati vilivyopauka kwa vidole vya mama: hayo ni maandishi, ijapokuwa hayana herufi. Katika nyumba nyingi zetu hakuna maandishi mengine ya marehemu yaliyobaki.

Tena vitu hivyo vina historia yake katika nchi hii. Zamani kiti cha mzee huku mlimani kilichongwa katika gogo moja, bila kiungo wala msumari. Kisha, mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari walileta mche wa kahawa, nao ukashika katika udongo wa mlima. Mwaka 1933 wakulima waliunda chama chao kikuu cha ushirika, K.N.C.U. Fedha ya kahawa ikajenga nyumba za bati na saruji, na ndani ya nyumba hizo vikaingia viti vya kuegemea, meza za chakula, na kabati za vioo vya mbele za kuwekea vikombe vya wageni. Kwa hiyo kabati ile ya mama si kabati tu. Ni kahawa iliyochumwa punje kwa punje, ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa, ikabebwa kichwani hadi chamani. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani mwaka 1989, familia nyingi hazikuweza tena kununua kabati kama ile. Anayeitupa, na ajue anatupa mavuno ya miaka mingapi.

Sasa turudi kwenye swali letu gumu, kama kitu kilichotengenezwa upya bado ni kile kile. Swali hili ni la kale sana. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, asimulia kwamba watu wa Athene walihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus miaka mingi. Ubao ukioza waliutoa, wakatia mwingine. Mwishowe wenye hekima wakagawanyika: hawa wakasema merikebu bado ni ile ile, na wale wakasema imekwisha kuwa nyingine. Tangu siku hizo wanafalsafa hawajaacha kubishana.

Mkulima wa Masama angeweza kuwapa jibu bila kwenda chuoni. Angewapeleka kwenye mfongo. Wasomaji wetu wa mikoa mingine huenda hawajui kwamba mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee wa Kichagga kuyatoa maji mitoni na kuyaleta katika migomba yao. Mifongo mingine ina umri wa mamia ya miaka. Kila mara wenye mfongo hukutana kuusafisha: huzoa tope, hukata majani, huziba pale kingo zilipobomoka, na penye mawe yaliyochukuliwa na mafuriko hutia mawe mengine. Maji yenyewe ni mapya kila asubuhi. Hata hivyo hakuna mtu asemaye ya kwamba mfongo wa babu umekufa, ukazaliwa mwingine. Ni ule ule, kwa sababu kazi yake ni ile ile, njia yake ni ile ile, na wanaoutengeneza wanafanya hivyo kwa kuwa walipokea wajibu huo kutoka kwa walioutengeneza kabla yao. Mfongo ambao ungeacha kuwa wa babu ni ule ulioachwa bila kusafishwa, hata kama kila jiwe lingekuwa pale pale babu alipoliweka.

Ndivyo ilivyo na kihamba chote. Aliyerithi kihamba hana ruhusa kukiacha kiwe pori, wala hatakiwi kukiweka kama kaburi lisiloguswa. Mgomba mkuukuu huondolewa, chipukizi likaachwa lishike nafasi. Kurithi, kwa mafundisho ya wazee wetu, ni kupokea kazi. Nasi twasema kanuni ya kihamba na mfongo ndiyo kanuni ya kiti na kabati: urithi hubaki urithi kwa kutumika na kutunzwa.

Tukiishika kanuni hii, tutayaona makosa matatu yanayofanyika katika nyumba zetu.

Kosa la kwanza ni kutupa kwa sababu ya haya. Kuna watu wanaovionea haya vitu vya wazazi wao mbele ya wageni. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakasema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Makochi mengi yauzwayo leo ni kitambaa kizuri juu ya kiunzi cha mbao laini kilichounganishwa kwa misumari myembamba. Na kabati nyingi ni unga wa miti uliogandamizwa kwa gundi, ambao ukipatwa na maji hufura na kumomonyoka, wala hapana fundi awezaye kuuponya. Hatusemi kila kipya ni kibaya. Twasema tu kwamba mwenye kutoa kiti cha mringaringa na kuingiza cha namna hiyo asidhani ameendelea. Huenda amerudi nyuma, tena kwa gharama.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ni kufungia. Kuna nyumba ambamo baada ya mazishi kiti cha baba hufunikwa kitambaa, hakuna mtoto awezaye kukigusa, na chumba hufungwa kwa ufunguo. Mwanzoni ni heshima, na majonzi yana haki yake. Lakini miaka hupita. Bungua huingia katika miguu, unyevu hupanda kutoka sakafuni, na siku moja mlango ufunguliwapo, kiti hukutwa kimegeuka vumbi. Wajukuu hawakumjua babu, na kiti ambacho kingewasimulia habari zake hawakupata kukikalia hata siku moja.

Kosa la tatu ni jipya zaidi, nalo huja limevaa mavazi ya heshima. Ni kukwangua kila kitu. Mrithi humwita fundi na kumwambia, "Nataka king'ae kama cha dukani." Basi fundi hupiga randa mpaka mikwaruzo yote iishe, huondoa kovu la moto wa taa, husawazisha mkono uliolainika kwa kiganja cha marehemu, hupaka rangi nzito ya kahawia juu ya nyuzi za mbao zisionekane, kisha vanishi inayong'aa kama kioo. Kiti kimepona, lakini hakimjui tena mtu yeyote.

Kumbe njia njema ipo katikati, nayo yataka maarifa na subira. Yafaa tuieleze kidogo, maana wasomaji wetu wengi wana mikono ya kuweza kazi hii, na mafundi seremala hawakosekani Bomang'ombe wala Moshi mjini.

Kwanza, anza kwa kuosha. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kilichokamuliwa vizuri, huondoa masizi na mafuta ya miaka mingi. Mara nyingi ule weusi uliodhaniwa kuwa uchakavu ni moshi wa jikoni tu. Pili, jua kilichopakwa juu yake kabla hujakikwangua. Chovya kitambaa katika spiriti, usugue mahali pasipoonekana. Ikiwa mpako unayeyuka na kunata, huo ni shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaofugwa huko India na Thailand; huo huweza kulainishwa na kusawazishwa kwa spiriti hiyo hiyo, bila kugusa mbao. Ikiwa hauyeyuki, yaelekea ni vanishi au rangi ya mafuta.

Tatu, tazama viungo. Hapa pana jambo la kutufunza. Mafundi wengi wa zamani walichonga ulimi wa ubao ukaingia katika tundu la ubao mwingine, wakaushika kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ikipata maji ya moto hulainika. Kwa hiyo kiungo kilicholegea chaweza kufunguliwa taratibu, kikasafishwa na kugundishwa tena, pasipo kuvunja hata ubao mmoja. Fundi aliyetumia gundi ile alifanya kazi iliyoweza kufunguliwa na mikono ya fundi mwingine asiyemjua. Yule apigaye misumari kila mahali, au amwagaye gundi isiyofunguka kamwe, amejifanya fundi wa mwisho duniani.

Nne, penye lazima ya kupiga msasa, fuata nyuzi za mbao, anza na msasa mkali kiasi na umalize kwa mlaini, na uache pale ambapo alama ni ya mtu, si ya uharibifu. Mguu uliooza ukatwe na kuungwa mpya. Mkono uliolainika uachwe. Tano, mwisho wa kazi, mafuta ya kitani au nta yatosha kwa viti vingi. Mbao itapumua, na nyuzi zake zitaonekana.

Pamoja na hayo twatoa maonyo mawili, kwa kuwa uhai wa watu ni bora kuliko samani. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto wadogo. Rangi ya namna hiyo isikwanguliwe ndani ya nyumba wala mbele ya watoto. Ilowanishwe kwanza, kazi ifanywe nje, na takataka zake zisitupwe shambani. Tena vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kurundikwa pembeni, maana huweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Tusisahau pia msitu. Mbao bora za mlima wetu, kama ile ya mkafuri, zilitoka katika miti iliyochukua vizazi kadhaa kukua. Mwaka 1984 Serikali ilipiga marufuku kukata miti ya asili katika msitu wa Kilimanjaro. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa kwa ndege, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2002, ulikuta maelfu ya miti imekatwa kwa siri, na mingi yake ni mikafuri. Mwaka 2005 msitu ule uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Basi kabati ya mkafuri iliyomo nyumbani mwako ni mti ambao hauwezi kukatwa tena kwa halali. Ukiichoma kuni, umeua mti ule mara ya pili.

Wako watakaotuuliza: je, na mjane aliyebakiwa na kabati tu, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, akiiuza ametenda dhambi? La, hasha! Vitu viliumbwa kwa ajili ya watu. Mume aliyeinunua kabati ile kwa jasho lake aliinunua kwa ajili ya mke na watoto, na kama leo njia ya kuwafaa ni kuiuza, basi kuiuza ndiko kuitumia. Lakini tuna neno kwa anayenunua. Wapo wafanyabiashara wanaozunguka vijijini wakitafuta vitu vya kale. Biashara yao si haramu. Walakini mtu ajuaye kwamba kiti kitauzwa mjini kwa bei kubwa, kisha akamwambia bibi kizee kwamba ni takataka anazomwondolea kwa hisani, huyo amemwibia, hata kama ametoa fedha mkononi. Ujinga wa muuzaji si mali ya mnunuzi.

Tuna neno pia kwa ndugu wanaogawana. Katika desturi ya Wachagga kitindamimba ndiye mara nyingi abakiaye katika nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba hubakia na vilivyomo. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake: yeye ndiye aliyewatunza wazazi katika uzee wao. Lakini haikukusudiwa kuwafuta wengine, hasa mabinti, ambao mara nyingi huondoka matanga yakiisha bila hata kikombe. Binti aliyefuta vumbi la kabati ile kila Jumamosi ya utoto wake ana fungu lake katika kumbukumbu, hata kama desturi haikumwandikia fungu katika mbao. Mrithi mwenye busara atamwita dada yake na kumwuliza, "Ungependa nini cha mama?" Swali hilo moja limezuia kesi nyingi kuliko mahakama.

Na tuseme lililo zito zaidi. Haifai kabisa kukitengeneza kiti cha baba aliyekufa huku mama aliye hai hana wa kuketi naye. Tumeona nyumba ambamo samani zimepigwa vanishi mpya, na ajuza aliyezitumia amelazwa chumba cha nyuma, akisubiri mtu wa kumletea maji. Anayewaheshimu wazee katika mbao peke yake hajaanza kuwaheshimu. Tena, mzazi akiwa hai, kiti ni chake. Mtoto mwenye fedha asikiondoe wala kukigeuza bila kumwuliza. Pengine mama hataki kochi laini asiloweza kuinuka kwake. Anataka kiti chake kile kile, kiongezewe kiunzi na kufumwa upya.

Kanisa nalo lina kiti cha kale. Katika Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma mna kiti cha mbao ambacho Bernini alikizungushia shaba nyeusi na dhahabu katika karne ya 17. Waamini wengi waliamini kwamba Petro mwenyewe alikikalia. Wataalamu waliokichunguza wameona kwamba ni cha karne ya 9, na yasadikiwa kuwa mfalme Charles, yule aliyeitwa Mwenye Upara, alimpa Papa Yohane wa Nane mwaka 875. Kimewahi kutengenezwa, kikatiwa na mbao nyingine. Mwaka 2024 kilitolewa ndani ya ile shaba, kikawekwa mbele ya watu hadi tarehe 8 Desemba. Je, habari hiyo ya wataalamu iliipunguza sikukuu ya Ukulu wa Mtakatifu Petro, tuiadhimishayo kila tarehe 22 Februari? Hata kidogo. Tunachoheshimu ni kazi aliyopewa mtu, iliyopokelewa na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo, hata leo. Mbao ni ishara yake.

Nyumba zetu si basilika, na kiti cha baba hakihitaji shaba wala dhahabu. Chahitaji mtu wa kukikalia na kufanya kazi iliyofanywa na baba: kusikiliza ugomvi wa watoto hadi mwisho kabla ya kuamua, kumpokea mgeni, kuongoza sala ya jioni, kugawa chakula kwa haki. Mrithi anayekikalia kiti na kuiacha kazi hiyo amerithi mbao tu. Na yule ambaye moto uliteketeza nyumba yake yote, lakini kazi ya baba yake anaifanya juu ya mkeka, huyo amerithi.

Basi, ndugu msomaji, pita nyumbani mwako ukatazame. Kilicholegea kikaze, kilichoungua kisugue, kilichofungiwa kitoe, watoto wakikalie. Na siku utakapoagiza kitu kipya kwa fundi, mwambie akitengeneze kwa viungo vinavyofunguka. Wapo watakaokurithi, nao watahitaji kukitengeneza.